Namna ya Kuitazama Groove kwa DVD Bila Kutoka Mikono Mitupu

Filamu ya Groove iliniangusha, na bado kila kijana anayekuja kwangu kujifunza kufunga muziki namkalisha chini aitazame. Kazi yangu ni spika, nyaya na mixa: harusi za Temeke, vigodoro vya Mbagala, mikesha ya kila aina. Kwa hiyo niliposikia kuna filamu inayosimulia usiku mmoja wa muziki wa dansi, tangu watu wanaingia ghalani na mizigo mpaka kunapambazuka, niliitafuta kwa hamu kubwa. Nilichokikuta ni hadithi nyepesi iliyotandazwa juu ya kazi nzito. Hadithi hiyo haistahili usiku wako. Kazi iliyo chini yake inastahili sana, na mwongozo huu ni wa kukufikisha huko.

Kwanza uijue. Groove ni ya mwaka 2000. Greg Harrison aliiandika, akaiongoza na kuihariri mwenyewe kwa bajeti ndogo kule San Francisco. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwezi Januari, Sony Pictures Classics wakainunua, ikaingia kwenye kumbi za Marekani mwezi Juni, na mapato yake huko yakaishia takriban dola milioni 1.1. Ikafuata DVD kupitia Columbia TriStar, na wengi wetu tuliijua kwa njia hiyo ya diski.

Kwa ambaye mambo haya hayakumpitia: reivu ni dansi ya usiku kucha, mara nyingi ghalani au porini, mara nyingi bila kibali, muziki ukiwa haus na tekno zinazounganishwa wimbo kwa wimbo pasipo kukatika. Mzizi wake ni Wamarekani weusi. Haus ilizaliwa Chicago, Frankie Knuckles akipiga kwenye klabu ya The Warehouse; tekno ilizaliwa Detroit mikononi mwa Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Uingereza ikaudaka muziki huo kwa nguvu mwaka 1988, ukatoka kwenye klabu ukaingia mashambani, kisha ukarudi Marekani na kushika miji kama San Francisco. Historia hii hutaipata ndani ya filamu. Ingia nayo kichwani.

Chagua nakala kwa saa, usichague kwa kava

Hapa ndipo watu wengi hupoteza, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Filamu za sinema hupigwa kwa picha 24 kila sekunde. Televisheni za mfumo wa PAL, ambao ndio uliokuwa wetu Tanzania na ndio uliokuwa wa Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, zilijengwa kwa picha 25. Watengenezaji wa DVD za PAL kwa kawaida hawaongezi picha. Wanachofanya ni kuikimbiza filamu nzima kidogo mpaka 24 ziwe 25. Ongezeko hilo ni karibu asilimia 4. Kwenye filamu ya mapenzi au ya ngumi hakuna atakayeligundua. Kwenye filamu ya muziki wa dansi ni jambo zito, kwa sababu wimbo wa mapigo 130 kwa dakika unakuwa wa mapigo 135, na sauti nayo inapanda: si kibonye kizima cha kinanda, lakini imepita nusu ya njia kuelekea kibonye kinachofuata. Besi inakuwa nyembamba. Sauti za watu zinakuwa kali kidogo.

Kwa dijei, elewa hivi: mashine ya santuri ya Technics SL-1200, ambayo madijei wa zama hizo waliiapia, ina pichi, yaani kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo wa santuri, inayokwenda asilimia 8 juu na asilimia 8 chini. Kwa hiyo DVD ya PAL imekusukumia pichi nusu nzima ya njia ya kwenda juu, ikaiacha hapo tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna dijei angekubali mtu amguse pichi namna hiyo.

DVD za Marekani ni za mfumo wa NTSC, nazo hufika kwenye televisheni kwa kurudiarudia baadhi ya picha, si kwa kukimbiza. Mwendo wa muziki unabaki ulivyorekodiwa, isipokuwa tofauti ndogo mno ambayo sikio halina habari nayo. Tafuta hiyo.

Utaijuaje? Usisome maandishi ya kava, maana kava huchapishwa upya na yeyote. Tazama muda. Groove kamili ina dakika 86. Weka diski, bonyeza kitufe cha kuonyesha muda kwenye rimoti, soma urefu. Ikisoma karibu na 86, mwendo ni sahihi. Ikisoma 82 na kitu, imekimbizwa. Kipimo hiki kinafanya kazi hata kwa faili uliloletewa kwenye flashi, kwa sababu aliyelinyofoa kutoka kwenye diski ya PAL amenyofoa pamoja na haraka yake. Zipo diski za PAL ambazo mafundi walishusha sauti irudi kimo chake. Hizo zitakudanganya sikio, lakini mapigo bado yatakuwa ya haraka na saa bado itasema 82.

Diski ya Marekani ina vikwazo viwili, na vyote vina dawa. Cha kwanza ni kanda: Marekani ni kanda namba 1. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo husoma kanda zote, kwa hiyo jaribu kabla hujahangaika. Ukitumia kompyuta kuwa mwangalifu, maana kinu cha DVD cha kompyuta kwa kawaida hukuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, kisha kinajifunga kwenye ile ya mwisho. Cha pili ni picha kutoka bila rangi au kupanda na kushuka kwenye televisheni ya zamani. Ingia kwenye mipangilio ya deki, sehemu ya aina ya televisheni, uchague PAL. Deki ikigeuza picha haigusi mwendo wa sauti; ni picha tu itakayoonekana kudundadunda kidogo kamera inapozunguka.

Kuna nakala moja ya kukimbia kabisa: ile diski ya mtaani yenye filamu lundo ndani yake. DVD ya safu moja inabeba gigabaiti 4.7. Ukizigawa kwa filamu nane au kumi, sauti ndiyo inayokamuliwa kwanza, na kinachokatwa ni ncha zote mbili: matoazi yanasikika kama mchanga, na besi inabaki kishindo bila mwili. Filamu ya reivu yenye sauti ya hivyo ni bora usiitazame, kwa sababu utailaumu filamu kwa kosa la diski. Groove ina makosa yake ya kutosha.

Na ukishazoea kukagua, kagua pia toleo. Filamu za aina hii zimeguswa sana zikielekea nyumbani. Human Traffic ya Justin Kerrigan, iliyopigwa Cardiff na kutoka mwaka 1999, ilirudi sokoni mwaka 2002 ikiwa imehaririwa upya na mtayarishaji, mwongozaji mwenyewe akiwa hayumo. Mtu akainunua toleo hilo akidhani ndiyo ile aliyosimuliwa. Soma mwaka, soma jina zima, uliza.

Deki na spika

Usiitazame kwa spika za televisheni. Nasema hili kwa moyo wote. Televisheni bapa ina spika nyuma au chini, ndogo kama kiganja, na chini ya mitetemo 100 hivi kwa sekunde (Hz 100) haisemi chochote. Muziki huu unaishi hapo chini. Ni heri ufunge spika mbili za kawaida na sabufa moja kuliko televisheni kubwa yenye sauti yake yenyewe.

Ukifungua menyu ya sauti ya deki, tafuta palipoandikwa DRC au Night, na uzime. Kazi yake ni kuvuta juu sauti ndogo na kukandamiza kubwa ili usiwaamshe waliolala. Kwenye filamu hii inaua kitu kimoja muhimu: ile hali ya wimbo kupungua, kupungua, mpaka besi inapotea, halafu inarudi kwa mkupuo na ghala zima linainua mikono. Ikiwa deki imesawazisha kila kitu, mkupuo haupo, nawe utabaki kujiuliza watu wanapiga kelele kwa nini.

Kisha suala la chaneli. Diski ikiwa na sauti ya 5.1, kuna njia tano za kawaida na ya sita ya besi pekee. Ukichomeka waya mwekundu na mweupe tu, deki inazibana njia zote ziwe mbili, na katika kubana huko deki nyingi huitupa ile ya sita. Kama deki yako ina matundu sita nyuma, yatumie na sabufa ipate waya wake. Kama ina mawili tu, usihuzunike, kwa kuwa sehemu kubwa ya besi ya muziki imo kwenye njia za kushoto na kulia. Peleka mbili hizo kwenye mixa au amplifaya, kata sabufa kwenye Hz 80 hadi 100, yaani isipige sauti za juu ya hapo, na isogeze kwenye kona ya chumba. Kona huongeza besi bila wewe kuongeza umeme. Ila ukutani kwa jirani kuna mtu, nenda ukamwambie mapema.

Sasa namna ya kuweka kiwango. Wengi huanza filamu, maongezi yanakuwa madogo, wanaongeza. Muziki unaingia, unawazidi, wanapunguza. Na hivyo hivyo mpaka mwisho, rimoti mkononi. Fanya kinyume. Kabla hujaanza, ruka hadi karibu na mwisho, pale John Digweed anapopiga Heaven Scent. Huo ni wimbo wake mwenyewe na Nick Muir, chini ya jina Bedrock, na ndio kilele cha filamu. Weka sauti hapo mpaka uisikie besi kifuani lakini bado unaweza kumwita mtu aliye karibu nawe. Kisha rudi mwanzo na usiguse tena kitufe. Maongezi yakikupita machache, hujapoteza kitu cha maana.

Tazama kazi, yaache mapenzi yapite

David Turner, mwandishi wa vitabu vya maelekezo ya kompyuta, anapelekwa kwenye reivu na ndugu yake Colin bila kutaka. Anakutana na Leyla, ambaye anayajua mambo haya kuliko yeye. Usiku unaenda, wanazungumza, kunakucha. Ni hayo tu. Kilichonivunja moyo si udogo wa hadithi, maana usiku wa dansi kweli hauna hadithi kubwa. Kilichonivunja moyo ni kwamba filamu haiuamini muziki. Kila mara mambo yanapoanza kukolea, mtu anafungua kinywa kueleza. Muziki unashushwa ili azungumze. Mahali halisi pa namna hiyo huwezi kuzungumza. Unamvuta mtu sikio, unapiga kelele maneno matatu, mengine anayasoma usoni kwako.

Kibaya zaidi, filamu imekipa kidonge kazi ya muziki. David anameza ekstasi kwa mara ya kwanza, na kuanzia hapo kila anachokiona na kukihisi kinahesabiwa kwa kidonge. Siwezi kulikubali hilo. Nimefunga spika miaka na miaka na nimeona watu wazima, wenye maji na soda tu mkononi, wakilia kwa furaha saa tisa usiku kwa sababu mtu aliyekuwa kwenye mixa alijua ni wakati gani wa kuirudisha besi. Dawa zilikuwepo kwenye reivu, hakuna anayekataa, na ziliua watu. Lakini mwandishi aliyeamua kidonge ndicho kitakachomfumbua macho mhusika wake amejinyima nafasi ya kutuonyesha sauti inavyofanya kazi hiyo. Kwa sababu hii pia, diski hii isichezwe mbele ya watoto. Marekani kwenyewe imepewa daraja la R.

Basi sehemu hizo zipitie haraka. Zitakazokufaa ni hizi.

Mwanzo kabisa. Watu wachache wanaingia kwenye ghala tupu, wanalikagua, wanaamua kwamba panafaa, mwaliko unatumwa kwa barua pepe. Usiku unaanza kwa mtu kubeba kitu kizito. Simamisha hapo, tazama jengo. Mlango upo wapi, watu watatokea wapi moto ukitokea, spika zitaelekea ukuta gani, mwangwi utarudi kwa nani? Hayo ndiyo maswali ninayowauliza vijana wangu, na hapo ndipo huacha kuitazama kama watazamaji. Ule usiri wa mahali nao una historia yake. Mwaka 1989 Uingereza, sherehe zilizotapakaa pembezoni mwa barabara ya M25 inayoizunguka London zilielekezwa kwa namba za simu: unapiga, unasikiliza ujumbe uliorekodiwa, unakimbilia unakoambiwa kabla polisi hawajafika. Kufika 2000, huko San Francisco, kompyuta ilikuwa imechukua kazi ya simu.

Kisha askari. Anafika, na Ernie, mwenye shughuli, anamweleza kwamba hapo wanafungua kampuni ya intaneti. Mwaka ule San Francisco ilikuwa imejaa kampuni changa za intaneti zilizokodi maghala, kwa hiyo uongo wake una mantiki. Mbele kidogo shughuli inafungwa, na bado usiku haujaisha. Naipenda sehemu hii kuliko zote za maongezi, kwa sababu ndiyo pekee inayokumbuka kwamba sherehe ni jambo linaloweza kuzimwa. Nje ya filamu lilizimwa kweli. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1994 iliwapa polisi nguvu dhidi ya mikusanyiko ya usiku ya watu 100 na zaidi, na ikautaja muziki wenyewe kwa kigezo cha mapigo yanayojirudia mfululizo. Mwaka 2003 idadi ikashushwa hadi watu 20. Marekani nayo mwaka huohuo wa 2003 ikapitisha sheria iliyowafanya wenye majengo na waandaaji wawajibike kwa dawa zinazotumika kwenye shughuli zao, hata zikiwa za usiku mmoja. Sisi pia tunalifahamu hilo: mwaka 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege la Jinja, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Aliyewahi kukunja nyaya gizani huku defenda ipo nje ataielewa sura ya Ernie bila tafsiri.

Halafu kuna pale Ernie anapoulizwa kwa nini anahangaika hivi wakati hapati hela. Jibu lake ni kwamba kila mara, usiku ukiisha, hutokea mtu mmoja anayemtikisia kichwa na kumshukuru, na hicho ndicho anachokifanyia kazi. Hapa filamu imesema kweli tupu. Mimi malipo yangu ni ya makubaliano na lazima yalipwe, nina mafuta ya kununua na vijana wa kulisha. Lakini huyo mtu wa kutikisa kichwa nampata. Huja wakati tunapakia kwenye Kirikuu, jasho limemkauka, hana la kusema sana. Anashika spika kidogo kama mtu anayemuaga mgeni, anasema "kaka, jana umetutendea," anaondoka.

Mwisho, mikono. Filamu ilifanya jambo moja la heshima: iliwaweka madijei halisi. Forest Green, Polywog na WishFM ni watu wa San Francisco waliokuwa wakipiga muziki huo, na Digweed alikuwa tayari jina kubwa duniani. Kamera inapoikaribia mixa, zima mawazo mengine yote. Tazama hedifoni ipo sikio gani, mkono gani upo kwenye santuri inayofuata, kichwa kinainuka lini kuangalia watu. Hakuna muigizaji aliyefundishwa kwa juma moja anayeweza kuiga utulivu ule. Rudisha nyuma, tazama tena. Ikiwa deki yako ina kitufe cha kwenda polepole, kitumie, japo sauti itapotea.

Zoezi la kidole

Hili nimejifunza kwa kijana mmoja wa Mbagala niliyekuwa nikimfundisha. Alikaa sakafuni mbele ya televisheni, mgongo kwenye sabufa, kidole cha shahada kikigonga goti kwa kila pigo la ngoma kubwa. Mara kidole kikasimama hewani. Akatafuta pigo, akalipata, akaendelea, kikasimama tena. Akageuka: "Bosi, wimbo wameukata hapa." Tukarudisha, na kweli. Mtu asiye na mazoea asingesikia kitu.

Fanya hivyo nawe. Gonga pigo tangu dijei anapoanza, usiache hata picha ikienda kwa watu wengine, nje, chooni, kwenye gari. Kidole kikipotea, hapo mhariri amechagua kuutoa muhanga muziki kwa ajili ya hadithi. Kidole kisipopotea, kamera imekwenda popote ilipotaka na wimbo ukabaki mzima. Ukifika mwisho utakuwa na ramani kamili ya mahali filamu inapofaulu na inapoanguka, na utaweza kubishana na yeyote kwa ushahidi. Utagundua pia ufupi wa kila kitu. Muungano mzuri wa nyimbo mbili za haus huchukua dakika kadhaa, wimbo mmoja ukimeza mwingine taratibu. Filamu ya dakika 86 yenye wahusika wengi haina dakika za kutoa, inakuonyesha mkono unaanza, kisha unakuta wimbo umeshabadilika. Nadhani huu ndio udhaifu ambao hakuna mwongozaji angeuponya bila kuwa na ujasiri wa kumwacha mtazamaji na sauti moja kwa muda mrefu. Harrison hakuwa nao, au wenye fedha hawakumruhusu.

Menyu ya ziada

Ukimaliza filamu usitoe diski. Rudi kwenye menyu. Ukikuta njia ya sauti yenye maoni ya watengenezaji, itazame filamu mara ya pili ukiwasikiliza wao badala ya wahusika. Kwa filamu iliyokuvunja moyo hii ndiyo thamani kubwa ya diski kuliko utiririshaji wa mtandaoni, ambao mara nyingi hukupa filamu peke yake. Sikiliza hasa wanapozungumzia fedha, muda wa kupiga picha, na namna ya kujaza ghala kwa watu kwa bajeti isiyotosha. Sikiliza wanaposema kuhusu haki za nyimbo. Filamu ya muziki hufa au huishi hapo. Ukikuta vipande vilivyoachwa, vitazame kwa swali moja: je, hiki kingetupa kazi zaidi na maneno machache zaidi?

Picha ikionekana imerefushwa, watu wembamba kama mianzi au wafupi wanene, ni mipangilio ya deki tu. Kwa televisheni pana iweke 16:9.

Ukiitazama na wenzako

Kwa kikundi, watu sita au saba wanatosha. Usianze na filamu. Anza na muziki mtupu, televisheni ikiwa imezimwa: haus ya Chicago, tekno ya Detroit, kisha Heaven Scent yote tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha waeleze hadithi kwa sentensi tatu, kwa sababu Kiingereza cha mle ni cha mtaani na hakuna maandishi ya Kiswahili chini. Mtu akitumia nguvu zake zote kufuata maneno hatabaki na sikio. Wape kila mmoja kitu cha kufuatilia: huyu milango, huyu mikono ya madijei, huyu pigo, huyu askari. Katikati simamisha mara moja, pale shughuli inapofungwa, mle, mzungumze.

Baadaye weka singeli. Naweka santuri ya mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya hapa Dar zilizotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes mwaka 2017, mapigo yakipita 200 kwa dakika. Masikio yaliyotoka kugonga 130 kwa saa nzima na nusu yanashtuka, halafu yanaanza kusikia ndugu: pigo lisilopumzika, MC anayewasukuma watu, mitambo ya bei ndogo iliyokamuliwa mpaka tone la mwisho, jirani aliyekasirika. Wape tena zoezi la kidole. Wengi watashindwa dakika ya kwanza, kisha mmoja atapata, na wengine watamfuata.

Sabufa iwe imepoa kabla hamjaipigia singeli. Besi ya singeli na ya haus haziko mahali pamoja, kwa hiyo rudisha mkato wa sabufa juu kidogo, kwenye Hz 120, na punguza nguvu yake robo kabla ya kubonyeza.